Upupu Katika Mashamba ya Mikarafuu

Kila msimu wa kuchuma unapofika, hutujia mashtaka yale yale: shamba fulani limezaa sana, lakini wachumaji hawataki kuingia kwa sababu ya upupu. Msimu uliopita tulikwenda wenyewe kulitazama shamba moja la namna hiyo huku Pemba. Karafuu zilikuwa zimejaa na zimeanza kuwa nyekundu, na wachumaji walikuwa wamekaa chini ya mwembe wanajikuna. Upepo ulikuwa umeyapiga maganda makavu ya upupu uliopanda juu ya mikarafuu mitatu, na waliokuwa juu walishuka mbio mbio. Twamshukuru Mungu hakuanguka mtu. Hakupatikana aliyekubali kuipanda tena miti ile, na karafuu zake zikachanua mtini. Nanyi mwajua kwamba karafuu ikishachanua si karafuu tena sokoni. Mwenye shamba alikula hasara kwa sababu ya mmea ambao wakati wa masika angeweza kuung'oa kwa vidole viwili.

Kwa hiyo twaona yafaa kueleza khabari zake kidogo, maana wengi wetu twaujua upupu kwa kuwashwa tu, khasa wale waliopata kumwagiwa katika kiti cha skuli.

Upupu ni wa jamaa moja na kunde na fiwi. Huota pamoja na mvua za masika, majani yake matatu matatu, na mtu asiyeuangalia vizuri hudhani ni fiwi iliyojiotea. Hutambaa, hushika mti, hupanda mpaka kileleni. Hutoa mashada ya maua ya zambarau nzito, kisha maganda yaliyopindika kama herufi S, yamevaa vinywele vya rangi ya kutu. Maganda hayo kwa kawaida hukauka baada ya mvua, wakati wa kipupwe, na hapo ndipo watu wengi wanapoanza kupanda mikarafuu.

Kinachowasha ni vile vinywele. Vina ncha kali, na hubeba kitu ambacho mabwana wawili wa Marekani, Shelley na Arthur, walikieleza mwaka 1955 na kukiita mukunaini. Kitu hicho huamsha mishipa ya fahamu katika ngozi. Hakifanyi kazi kwa njia ile ile ya mzio wa kawaida, na ndiyo sababu vidonge vya mzio havisaidii sana kwa upupu.

Aliyepatwa na upupu asijikune, wala asijipanguse kwa nguo, kwa kuwa kufanya hivyo huvisukuma vinywele ndani na kuvieneza. Wazee wetu hupaka majivu makavu na kuyakung'uta, au hupaka udongo mbichi, wakaungoja ukauke, wakaubandua. Wana haki: shabaha ni kuvinasa vinywele na kuviondoa. Siku hizi hata utepe wa gundi, ule wa kufungia maboksi, wafanya kazi hiyo vizuri. Ubandike, uuvute, utwae kipande kingine. Baada ya hapo ndipo maji mengi na sabuni. Nguo zivuliwe zikafuliwe peke yake, zisichanganywe na za watoto. Vikiingia machoni, usifikiche. Osha kwa maji safi mengi, kisha nenda hospitali siku ile ile.

Sasa tuje shambani. Wakati wa kupigana na upupu ni masika, ungali mche. Pita chini ya mikarafuu baada ya mvua, ardhi ikiwa laini, ung'oe na mizizi yake. Ukichelewa ukaukuta umeshapanda, ukate shina chini kabla maganda hayajakauka, uache ufe juu ya mti. Usiuvute. Anayeuvuta upupu wenye maganda hujimwagia mwenyewe. Na ikiwa maganda yameshakauka, basi fanya kazi asubuhi na mapema umande haujatoka, au mara baada ya mvua, kwa sababu vinywele vilivyolowa haviruki. Funga kitambaa usoni, vaa mikono mirefu, uyaweke maganda katika gunia lililolowa na uyafukie kwenye shimo. Wako wanaoyatia moto. Sisi twakataza: moto hurusha vinywele hewani kabla haujavichoma, na jirani aliyeanika karafuu zake upande wa chini wa upepo atajua, na wanawake wanaochambua makonyo watajua zaidi.

Kazi hii si ya mwaka mmoja. Mbegu za upupu zina ganda gumu, na nyingine hulala ardhini zikaota msimu mwingine. Shamba lililoachwa kwa muda mrefu litataka kupitiwa masika mawili matatu mfululizo.

Je, upupu una faida? Wenzetu wa milima ya Kenya wana thabai, mmea mwingine unaowasha, nao huupika wakaula mboga, kwani moto humaliza ukali wake. Upupu si hivyo. Mbegu zake zina dawa yenye nguvu, levodopa, ambayo madaktari huwapa wenye ugonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka. Mbegu hizo si za kujitibia nyumbani. Mwaka 1989, wakati wa njaa, watu wengi wa kaskazini ya Msumbiji walizila bila ya kumwaga maji ya kuchemshia, na wakaharibikiwa na akili kwa muda. Asije mtu akasema hakuambiwa.

Lakini uko ndugu yake upupu, aina ya kupandwa, ambaye maganda yake yana malaika laini yasiyowasha. Mwisho wa karne ya 19 wakulima wa michungwa wa Florida waliupanda katika mashamba yao ili kuirutubisha ardhi, na Benin wakulima wa mahindi wameutumia kuyashinda magugu sugu. Kama kunde, mizizi yake huvuta naitrojeni ya hewani na kuiweka ardhini. Majani yake huifunika ardhi, nyasi zikakosa jua. Ng'ombe huyala majani.

Mwanachama mwenye miche michanga ya mikarafuu, ambaye nafasi baina ya miche yake imejaa nyasi, aweza kuujaribu katika sehemu ndogo kwanza. Apande mwanzo wa mvua, hatua mbili mbali na kila mche, na apite kila wiki kuirudisha mitambaazi inayoelekea kwenye miche, kwa kuwa kwa kupanda juu ndugu hawa wawili ni sawa. Inapoanza kutoa maua aifyeke na kuilaza chini ya miche. Mbegu aipate kwa Bwana Shamba au kwa mkulima anayemjua, na kabla ya kuipokea aombe kuliona ganda lenyewe. Likiwa na vinywele vya rangi ya kutu, asilipokee, na asiliguse.