Dhana Potofu Juu ya Tiba ya Peptidi

Katika zama hizi, ambapo kila maradhi hutangaziwa dawa na kila dawa husifiwa kupita kiasi, limeenea midomoni mwa watu jina la peptidi. Atakaye kupunguza unene huambiwa adunge peptidi. Aumwaye goti huambiwa hayo hayo. Na achukiaye mikunjo ya uzee usoni mwake huuziwa unga wa peptidi anywe na chai ya asubuhi. Sifa zikiwa nyingi namna hii juu ya jina moja, haifai mtu kuzipokea zote, wala haifai kuzikataa zote, mpaka azichambue moja baada ya moja.

Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, ambazo ndizo zinazojenga protini za mwili. Zimetungwa kama shanga katika uzi, na idadi ya shanga hizo pamoja na mpango wake ndivyo vinavyoamua kazi ya mkufu mzima. Oksitosini, inayokaza mji wa uzazi wakati wa kujifungua, ina asidi amino 9. Semaglutidi, itumikayo kwa kisukari na unene, ina 31. Insulini ina 51. Dawa hizi hazishirikiani kazi, wala kipimo, wala hatari. Kwa hiyo asemaye kwamba peptidi huponya, asitaje ni ipi na huponya nini, hajasema jambo la kushikika.

Dhana ya kwanza ni kwamba tiba hii ni ya juzi. Mnamo tarehe 11 Januari 1922, mjini Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson, aliyekondeshwa na kisukari hata akawa hoi, alidungwa maji yenye insulini yaliyokamuliwa katika kongosho la ng'ombe. Sukari yake ilipungua kidogo, lakini palipodungwa pakaota jipu, kwa kuwa dawa ile ilikuwa na taka nyingi, na matabibu wakalazimika kusita. Mwanakemia James Collip akashughulika kuisafisha, na tarehe 23 ya mwezi ule ule kijana akadungwa tena. Mara hii sukari ikateremka, nguvu zikamrejea, naye akaishi miaka 13 zaidi. Peptidi ilikuwa ile ile, na mgonjwa alikuwa yule yule. Kilichotofautisha sindano ya kwanza na ya pili kilikuwa usafi wa dawa.

Ajabu ni kwamba insulini hiyo hiyo, iliyowatoa wengi katika kinywa cha mauti, mitaani kwetu huogopwa kama mjumbe wa mauti, na wapo wagonjwa wa kisukari wanaokataa sindano kwa kuamini kwamba aanzaye kudungwa hana siku nyingi duniani. Asili ya hofu hiyo haifichiki. Aghalabu mgonjwa huikubali sindano akiwa amekwisha kuchelewa, figo zimedhoofu na macho yameingia kiza, na anapofariki lawama huwekwa juu ya dawa iliyokuja mwisho, ilhali mhalifu ni sukari iliyoachwa miaka mingi bila kudhibitiwa.

Dhana nyingine ni kwamba kitu kitokacho katika viumbe hakiwezi kudhuru. Katika bahari za joto, ikiwemo Bahari ya Hindi inayopiga kwenye fukwe zetu, wapo konokono wenye kombe la rangi za kupendeza ambao sumu yao imejaa peptidi, na jamii moja ya konokono hao huweza kumwua mtu. Kutokana na sumu ya jamii nyingine wataalamu walipata zikonotaidi, dawa ya maumivu makali iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004, ambayo hutiwa katika maji yanayozunguka uti wa mgongo chini ya uangalizi mkali. Na insulini nayo, ingawa mwili wenyewe huitengeneza, ikizidi kipimo humwangusha mtu akazimia na hata kufa.

Tena wapo wadhanio kwamba peptidi ikinywewa huenda moja kwa moja pale inapotakiwa. Tumbo halina upendeleo huo. Huzikata peptidi kama likatavyo nyama na maharagwe, na ndiyo sababu insulini hudungwa wala hainywewi. Vidonge vya semaglutidi, vilivyoidhinishwa mwaka 2019, vimechanganywa na kitu cha kuisaidia dawa ipenye, na humezwa kabla ya kula, kwa maji kidogo. Hata hivyo ni sehemu ndogo mno inayofika katika damu. Unga wa kolajeni, ule unywewao na chai kwa ajili ya mikunjo, nao humeng'enywa vivyo hivyo, na mwili hugawa vipande vyake kwa kadiri ya haja zake, si kwa agizo lililoandikwa kwenye kopo.

Lakini penye hatari kubwa ni katika vichupa vya unga mweupe wa peptidi viuzwavyo kwa siri au kwa njia ya mtandao, vyenye maandishi madogo kwamba ni vya utafiti tu, si vya kutumiwa na binadamu. Mashuhuri miongoni mwavyo ni BPC-157, inayosifiwa kuponya kano na misuli, ilhali ithibati yake aghalabu imetoka kwa panya, na tangu mwaka 2022 wanamichezo wamekatazwa kuitumia. Mnunuzi huchanganya unga huo na maji nyumbani, akajidunga, bila kujua usafi wake wala kipimo chake. Naye hurudia hatari iliyomfika kijana wa Toronto, ila pembeni yake hakuna Collip.

Na dawa halali nayo hutaka kutunzwa. Oksitosini huhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ikiachwa katika joto hupungua nguvu, na mama anayetokwa damu baada ya kuzaa akadungwa kitu kisichomfaa kitu. Basi anayeshauriwa kutumia peptidi yoyote amwulize tabibu au muuzaji mambo manne: inaitwaje, imethibitishwa kwa binadamu kwa maradhi gani, nani amethibitisha usafi wake, na imehifadhiwa vipi. Muuzaji asiyeweza kujibu hayo hastahili kupewa fedha, sembuse mkono wa kudunga.