Picha Ikipotea: Mbele ya Kumuita Fundi, Fuata Njia ya Waya



Mnakumbuka tarehe 7 Februari 2024. Ile Jumatano Leopards wetu walikuwa wanacheza nusu fainali ya Kombe la Afrika na Côte d'Ivoire, saa nne ya usiku kwa saa yetu. Hapa Walikale-Centre kila mwenye televizyo alikuwa amekwisha kupanga viti. Lakini siku tatu mbele ya mchezo, mama mmoja wa kikundi chetu alikuja kwangu asubuhi, macho mekundu. Ana restora ndogo, anapika lituma na samaki, na jioni wamotari wanakuja kula na kutazama mpira.

"Madamu," akaniambia, "uniandikie jina kwenye karatasi ya mkopo. Dekodere imeungua. Fundi anaomba dola 40 za kuleta ingine."

Mimi ni sekretere wa AVEC yetu. Nilifungua daftari. Alikuwa bado na deni la mkopo wa kwanza, ule wa kununua televizyo, pano na batri. Nikamuuliza: "Yaya, ni nani alisema dekodere imeungua?" Akaeleza. Fundi wa kwanza alibadilisha kichwa cha parabola, dola 15. Picha haikurudi. Akapanda tena juu ya manjanja kufanya reglaje, dola 10. Picha haikurudi. Fundi wa pili hakupanda popote. Aliangalia dekodere, akatikisa kichwa, akasema imekufa.

Dola 25 zilikuwa zimekwenda, na 40 zilikuwa njiani. Mweka hazina wetu akasema: "Twende kwanza tuangalie."

Kutafuta kosa kama kwenye hesabu

Mimi nilisoma ualimu, sikusoma elektroniki. Lakini mwanafunzi akikosea hesabu ndefu, mwalimu hafuti ukurasa mzima. Anafuata mstari kwa mstari mpaka anapata mahali kosa lilianzia. Televizyo ni vile vile. Picha inatembea kwenye njia moja: inatoka satelaiti, inafika kwenye sahani ya parabola, inaingia kwenye kichwa, inashuka ndani ya waya, inaingia dekodere, inapita waya mfupi, inafika kwenye televizyo. Na umeme uko na njia yake: pano, regilatere, batri, konvertisere, prizi. Kosa liko mahali fulani kwenye hizo njia mbili.

Tulifanya hivi. Tulitoa dekodere, televizyo na batri inje, tukaviweka chini ya parabola. Mtoto wa jirani alitupatia kipande cha waya wa metre 2. Tuliunga dekodere na kichwa kwa kile kipande, tukaacha ule waya mrefu wa nyumba pembeni. Tukawasha. Tulingoja kidogo, na picha ikakuja, safi kabisa.

Basi dekodere haikuwa imeungua. Sahani ilikuwa inaangalia vizuri. Tulirudisha hata kichwa cha zamani, kile kilichoitwa kibovu, nacho kikatumika. Kosa lote lilikuwa ndani ya waya mrefu. Tulifungua fishi ya upande wa parabola: ndani kulikuwa kutu ya kijani, na uzi mmoja mwembamba wa wavu wa waya ulikuwa unagusa shaba ya katikati. Uzi mdogo kama unywele. Tulikata sentimetre 10 za waya, tukaweka fishi mpya. Haikufika dola 2.

Kwanza soma yale televizyo inasema

Wamama wengi wakiona maandishi ya Kifaransa kwenye ekra wanaogopa, wanaita fundi. Lakini maandishi yanatuonyesha mahali pa kuanza.

Kama ekra ni ya buluu au nyeusi na imeandikwa "Pas de signal", mara nyingi ni televizyo yenyewe inayosema kwamba haipati kitu kutoka dekodere. Angalieni kama dekodere inawaka. Kisha chukueni telekomande ya televizyo, mfinye "Source" au "AV", mchague mlango ule waya umechomekwa. Watoto wanafinya-finya, wanabadilisha mlango, na nyumba nzima inafikiri televizyo imekufa. Kama mnatumia nyaya tatu za rangi, njano ni picha, nyekundu na nyeupe ni sauti. Sauti ikiwa iko na picha haiko, anzeni na ule wa njano.

Kama dekodere yenyewe inaandika kwamba ishara haiko au ni dhaifu, tatizo liko kati yake na parabola: waya, fishi, kichwa, au sahani imesogea.

Kama inaandika habari ya "abonnement" au "droits", hakuna kilichoharibika. Siku za malipo zimeisha, ao karata haisomwi. Zimeni, toeni karata, pangusieni ile sehemu ya rangi ya dhahabu kwa kitambaa kikavu, muirudishe.

Kama chaneli zingine ziko na zingine zimepotea, kuna sababu ambayo watu wengi hawaijui. Dekodere ndiyo inalisha kichwa cha parabola kwa umeme, kupitia ule ule waya wa picha. Inatuma volti 13 kwa chaneli za kundi moja na volti 18 kwa kundi lingine. Adaptere ikichoka, ao waya ukianza kuoza, volti 18 hazifiki juu, na lile kundi linapotea lote. Hapo msikubali haraka kubadilisha kichwa. Jaribuni kwanza adaptere ingine yenye volti na ampere zile zile.

Waya, adui wake ni maji

Kwenu Masisi shida kubwa ni upepo wa milimani na mvua ya mawe. Sahani ikisogea kidogo tu, vipimo viwili vya pembe, inaweza kuacha kabisa satelaiti yake. Satelaiti hizo ziko juu ya mstari wa ikweta, kilometre karibu 36 000 kutoka hapa. Sisi tunaishi karibu sana na ule mstari, ndiyo maana sahani zetu zinaangalia juu, upande wa mashariki ao wa magharibi. Siku fundi anamaliza kazi na picha ni nzuri, chukueni rangi ya kucha, mpige alama mahali sahani inashika mti wake. Upepo ukiisogeza, mtajua ilikuwa wapi.

Huku kwetu Walikale, ndani ya pori, shida ni unyevu. Maji yanaingia kwa fishi, yanashuka polepole ndani ya waya mpaka kwenye dekodere. Mambo matatu yanasaidia:

Moja, fishi ya juu ifunikwe vizuri kwa skochi nyeusi, kuanzia chini kupanda juu, ili maji yateleze.

Mbili, mbele waya haujaingia nyumbani, uuache uning'inie chini kidogo kama kiwiko cha mkono, alafu upande kuingia kwa tundu. Maji yatadondokea kwenye kile kiwiko, hayataingia.

Tatu, mtu akitengeneza fishi, muangalieni. Anamenya ngozi ya inje, anakunja wavu wote kurudi nyuma, asiache hata uzi mmoja mbele. Plastiki nyeupe inabaki inazunguka shaba ya katikati, na shaba inatokeza milimetre 2 ao 3 tu kupita fishi. Mbele ya kuchomeka ao kuchomoa waya ule, dekodere izimwe.

Na kama picha inapotea wakati mvua kubwa inanyesha tu, kisha inarudi yenyewe, msilipe mtu. Mvua nzito inazuia ishara ya satelaiti hata kwenye nyumba za matajiri. Ngojeni.

Kama inazimika saa mbili ya usiku

Yaya mmoja wa Masisi aliniuliza kwa nini televizyo yake inazimika kila siku wakati wa habari. Hiyo si parabola, ni batri. Tufanye hesabu. Televizyo ndogo ya LED inakula karibu wati 30, dekodere karibu 10. Jumla wati 40. Kwa batri ya volti 12 ni zaidi kidogo ya ampere 3 kila saa. Batri ya ampere 40, ambayo haifai kuimaliza kupita nusu, inatoa ampere 20: ni saa sita. Toeni ile konvertisere inakula, toeni simu za jirani zinazochajiwa, toeni uzee wa batri. Mnabaki na saa tatu.

Pimeni kwa miltimetre asubuhi, mbele jua halijapiga pano na vyombo vyote vikiwa vimezimwa. Ikionyesha volti 12,6 batri imejaa. Ikionyesha 12,2 iko nusu. Chini ya 12, mnaiua polepole. Pangusieni pano vumbi na mavi ya ndege, na muangalie kama mti haujakua ukaleta kivuli.

Muangalie pia unene wa nyaya. Waya wa milimetre kare 1,5 wenye metre 10 kwenda na 10 kurudi unapoteza karibu volti 1 njiani wakati ampere 4 zinapita. Batri iko na 12, chombo kinapata 11, konvertisere inaanza kulia. Leteni batri karibu, ao nunueni waya mnene zaidi. Na kwenye waya wa chanya, karibu na batri, muweke fizible. Batri ya volti 12 haitapiga mtu kwa mkono, lakini nyaya zake zikigusana zinaweza kuwasha godoro.

Neno moja la kujicheka: napero zetu. Mimi mwenyewe nilishona moja nzuri ya maua, nikaifunika dekodere. Ikawa inajizima kila saa moja. Yale matundu ya juu ni pua yake, inapumulia hapo. Napero iende kwenye meza.

Radi ya kwetu si ya mchezo

Mwaka 2016 watafiti walitoa hesabu ya radi duniani kote, waliyopata kwa chombo cha satelaiti ya NASA kwa miaka 16. Sake, hapa hapa territoire ya Masisi, ilikuwa ya tano duniani: radi karibu 143 kwa kilometre kare moja kila mwaka. Kabare, Kivu ya Kusini, ilikuwa ya pili. Basi si uchawi wa jirani. Ni milima na mawingu yetu.

Parabola ni chuma juu ya nyumba, na waya wake unaingia mpaka sebuleni. Mawingu yakianza kukusanyika, chomoeni waya wa parabola kwenye dekodere, chomoeni na prizi. Fanyeni mbele ya radi. Wakati inapiga, msiguse tena. Fundisheni watoto kuhesabu: kutoka mwangaza mpaka mngurumo, sekunde 3 ni kilometre 1. Wakihesabu chini ya 30, radi iko ndani ya kilometre 10, wote waingie nyumbani, wakae mbali na nyaya. Kisha mngoje dakika 30 nyuma ya mngurumo wa mwisho.

Na hakuna mtoto anayetumwa juu ya manjanja kugeuza sahani. Mchezo hata uwe wa Leopards, manjanja yenye maji yanavunja mguu. Nyumba yenye kuunganishwa na umeme wa volti 220 ao jenereta, nyaya zake ni kazi ya fundi peke yake.

Namna ya kuongea na fundi

Mafundi wazuri wako, na kuna kazi zinazowahitaji: kufungua dekodere ama televizyo, kutafuta satelaiti upya, kuunga konvertisere. Lakini mbele ya kulipa, mwambieni: "Unionyeshe." Kama kichwa ni kibovu, aweke kingine tuone picha, ndipo tununue. Kile anachotoa kibaki kwenu. Bei mpatane mbele hajapanda ngazi.

Kikundi chetu kimekubaliana kununua miltimetre moja, pensi, skochi na fishi kumi. Vitakaa kwangu, na kila mwanamemba anaweza kuvikopa bila riba. Kwa kikundi cha Masisi, tunawashauri mfanye vile vile.

Ile Jumatano restora ya mwenzetu ilijaa mpaka barazani. Wakati wa wimbo wa taifa, wachezaji wetu walifunika midomo kwa mkono, na kwa mkono mwingine wakaweka vidole viwili kwenye kichwa kama bunduki, kuonyesha dunia yale Mashariki inapitia. Siku zile mapigano yalikuwa karibu na Sake, na dada ya mwenye restora alikuwa kule. Wamotari, ambao hawanyamazagi, walinyamaza. Tulishindwa 1–0.

Mkopo wa dola 40 haukuandikwa kwenye daftari. Ule wa kwanza alimaliza kuulipa.

Mwenye swali alilete kwenye mkutano wetu wa wiki, pamoja na jina la maandishi aliyoyaona kwenye ekra.