Wasifu wa Bibi Nesi

Misiba ya Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, haikosi wasifu wa marehemu. Kwa Wakristo husomwa ibadani, jeneza likiwa mbele ya madhabahu. Kwa Waislamu, ambao hawapendi maiti acheleweshwe, msemaji wa familia hutoa maneno machache kabla jeneza halijainuliwa, au maneno hayo huwekwa mpaka siku ya arobaini. Karatasi hizi zinafanana mno: kuzaliwa, kusoma, kazi, ndoa, kuugua, kufariki, kisha hesabu ya watoto, wajukuu, vitukuu na vilembwe. Marehemu akiwa muuguzi mstaafu, yule mama wa ukoo ambaye tarafa nzima ilimwita Bibi Nesi, karatasi hiyo hunisikitisha. Kazi ya umri mzima hupita kwa sentensi moja tu, kwamba alihudumu katika vituo mbalimbali mpaka alipostaafu.

Vituo mbalimbali ndiyo maisha yenyewe. Wanawake wa kizazi hicho, waliozaliwa miaka ya 1930 na 1940, walipata uuguzi mikononi mwa misheni. Magila kule Muheza palikuwa na hospitali ya Waanglikana wa UMCA, na Bumbuli, juu milimani Usambara, palikuwa na ya Walutheri. Huko binti wa Kizigua, Kibondei au Kisambaa alijifunza kuchemsha sindano, kufunga kidonda na kupokea mtoto. Kisha alipangiwa kituo. Huenda ni Kwamkono, Handeni, ambako hospitali ya Mtakatifu Fransisko inakumbukwa kwa kuwatunza wenye ukoma, watu ambao hata ndugu zao waliogopa kuwagusa. Huenda ni Korogwe, nchi ya mkonge na reli, ambako wodi moja ililaza Mzigua, Msambaa, Mmakonde, Muha na Mnyamwezi, manamba na watoto wa manamba, na lugha ya kuwauliza wanaumwa wapi ilikuwa Kiswahili. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, vijiji vilipoanza kupata zahanati, alihamishiwa kijijini. Huko alikuwa muuguzi, mkunga, mtunza dawa na mpima uzito wa watoto, na kijiji kikamwita daktari.

Lakini nani alimpa sauti ya kuamrisha, mwanamke kijana mbele ya wazee? Cheti hakitoshi kueleza. Wazigua kwa asili walihesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba alikuwa na neno zito kwa watoto wa dada yake kuliko baba yao. Dini na sheria zimebadilisha mengi, hasa mirathi, ila mwanamke mtu mzima wa Kizigua hakuwahi kuwa mgeni kwenye kikao cha ukoo. Wasambaa huhesabu kwa baba, na hata kwao mambo ya uzazi yalikuwa ya akina bibi, hakuna mwanamume aliyeyagusa. Wakunga wa jadi walikuwapo, na wafunda wali pia. Naona muuguzi aliyedumu ni yule aliyeketi kwenye jamvi la wanawake hao akawa mmoja wao. Aliyekuja na dharau alihama mapema.

Mfano mkubwa ni degedege. Mtoto mwenye malaria kali hukakamaa, macho yakageuka, na watu wa mwambao na bara yake waliona ni ugonjwa wa dege, pepo mwenye umbo la ndege, apitaye juu ya nyumba. Tiba yake ilikuwa kufukiza, hata kwa kinyesi cha tembo, na kumwosha mtoto kwa dawa za miti. Sindano ilikatazwa kabisa: iliaminika kwamba mtoto wa degedege akidungwa hufa. Imani hiyo ilikuwa na mantiki yake, kwa kuwa watoto wengi walifikishwa zahanati wakiwa tayari wamezidiwa, wakafa baada ya sindano, na mama aliona kwa macho yake. Muuguzi alifanyaje? Akimfokea mama, mama harudi. Akinyamaza, mtoto anakufa. Wale walioheshimika walimwendea bibi wa mtoto, maana uamuzi ulikuwa wake, wakamwomba moshi wake usichukue muda, mtoto abebwe upesi. Ilikuwa kazi ya miaka, nyumba kwa nyumba, na hakuna fomu ya serikali iliyowahi kuwa na nafasi ya kuiandika.

Tazama sasa kilichotokea Korogwe. Mwaka 2009 wilaya hiyo ikawa moja ya vituo 11, katika nchi 7 za Afrika, vilivyoshiriki jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S. Watoto zaidi ya 15,000 waliandikishwa katika vituo hivyo, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto. Watafiti walistahili sifa walizopata. Lakini ni akina nani waliomwandaa mama wa Korogwe amtoe mwanawe adungwe sindano, katika nchi ambayo bibi yake aliamini sindano inaua? Mimi naamini jibu liko kwa wauguzi wale wa zahanati, ambao wengi walikuwa wamestaafu siku nyingi kabla mtafiti hajafika.

Ndiyo maana msiba wa mwanamke kama huyo hauwi wa familia peke yake. Habari ikitangazwa msikitini, au kengele ikilia, wanawake huja na mchele, sukari, kuni na ndoo za maji, na katika Handeni ndoo ya maji si zawadi ndogo. Wanaume hukaa kwenye majamvi chini ya turubai, ubani, yaani rambirambi, ukiandikwa daftarini jina kwa jina. Wanaokula bada, ugali wa muhogo, na mboga ya mchunga uani si ndugu wote. Wengi wamefika kwa sababu moja, kwamba yeye ndiye aliyewapokea walipozaliwa. Wapo mabinti wanaoitwa kwa jina lake, na baadhi sasa wana wajukuu. Swali zito ni la kumwosha. Muuguzi mzee mara nyingi ndiye aliyekuwa akiitwa kuosha maiti za wanawake wa mtaa, kwa kuwa hakuogopa na alijua kusitiri. Zamu yake ikifika, wanaoingia chumbani ni wale aliowafundisha, na nimewasikia watu wazima wakisema hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko hotuba ya mgeni rasmi yeyote.

Halafu wapo watani. Wazigua, Wasambaa, Wabondei na Wanguu hujihesabu wana wa Seuta, na wana utani wao. Wapo pia watani waliopatikana kwa misafara ya zamani na kwa mashamba ya mkonge. Mtani anayejua kazi yake hujifunga khanga za marehemu, au hutafuta gauni jeupe na kofia, akaanza kuwapanga waombolezaji foleni. Huyu anaulizwa kadi ya kliniki iko wapi. Yule anagombezwa kwa kumleta mtoto akiwa na uzito pungufu. Mwingine anaambiwa arudi nyumbani akamlete mumewe. Watu waliokuwa wakilia wanacheka mpaka wanashika mbavu, kwa maana ni yeye hasa, sauti yake na mwendo wake. Katika dakika hizo mtani anasema yote ambayo karatasi imeyaacha. Na hapo ndipo tatizo lilipo. Maigizo hayo hayaandikwi, na watani wenyewe wanazeeka. Vijana waliokulia Dar es Salaam hawajui tena nani mtani wao, wengine hukasirika watani wakizuia kaburi mpaka itolewe hela.

Basi karatasi ibebe mzigo. Wasifu wa Bibi Nesi uandikwe kwa maneno yake mwenyewe angali hai, si na mjukuu aliyefika usiku wa manane kwa basi akaandikia magotini. Aulizwe: mtoto wa kwanza uliyempokea alikuwa wa nani, na ulitumia taa gani? Ulimwambia nini mkunga wa jadi siku mlipokutana mara ya kwanza? Mwaka wa kipindupindu ulifanyaje? Nani alikufunza, na wewe ulimfunza nani? Mgonjwa gani hukumsahau? Majina ya vijiji ayataje yote, kwa mpangilio, pamoja na miaka. Na wasifu huo ukisomwa, nakala ipelekwe zahanati aliyofanyia kazi na kwenye vyuo vya uuguzi vya Korogwe na Muheza, ambako mabinti na vijana wa leo wanasomea kazi hiyo hiyo na watapangiwa vijiji hivyo hivyo.

Wengi wa wanawake hao wameshapita miaka themanini. Ukishuka Korogwe au Chanika ya Handeni likizo ijayo, usiende mikono mitupu: nunua daftari, mpelekee Shikamoo, ukae naye uandike.