Udongo wa Sokoni na Damu ya Mama Mjamzito

Katika masoko ya nchi ya Geita, karibu na mafungu ya dagaa na karanga, huuzwa vijiti vya udongo uliofinyangwa ukakaushwa. Wenyeji wanaujua kwa jina la pemba. Wanaoununua zaidi ni wanawake wenye mimba, nao huutafuna kama mtu atafunavyo muwa, bila kuona ajabu yoyote. Leo twapenda kuzungumza nanyi habari ya udongo huo, maana mtu akiuelewa vizuri atakuwa ameelewa sehemu kubwa ya habari ya chakula cha mama mjamzito.

Twasema hasa na watu wa Masumbwe, mji ulio katika njia kuu itokayo Kahama kwenda Ushirombo. Zamani mji huu ulihesabiwa katika mkoa wa Shinyanga. Tangu mkoa wa Geita ulipoundwa mwaka 2012, umo katika wilaya ya Mbogwe ya mkoa huo, nayo ni nchi ya dhahabu. Jambo hilo la dhahabu lina maana yake, kama mtakavyoona.

Mwaka 2014 zilitangazwa habari za uchunguzi uliofanywa na wataalamu katika vijiji vya wachimbaji wadogo wa dhahabu wilayani Geita. Waliulizwa wanawake wajawazito 340, na 155 kati yao wakakiri kwamba hula udongo. Walio wengi, yaani 126, hununua pemba sokoni. Wengine hula udongo wa kichuguu. Udongo wenyewe ulipopimwa, ulionekana kuwa na arseniki, ambayo ni sumu, pamoja na madini mengine. Tena wachimbaji hutumia zebaki, ile dawa nyeupe, kushika dhahabu.

Basi, kwa nini mwanamke mwenye akili zake atamani udongo? Haifai kumcheka. Mara nyingi tamaa hiyo huandamana na upungufu wa madini ya chuma mwilini. Mimba hutaka damu nyingi. Damu ya mama huongezeka hata kukaribia nusu ya ile aliyokuwa nayo kwanza. Lakini wekundu na nguvu ya damu hutokana na chuma. Chuma kisipotosha, damu huongezeka kwa wingi tu, kama uji uliotiwa maji bila kuongezwa unga. Tena malaria huharibu damu, na safura, ile minyoo ikaayo tumboni, huinyonya. Na mama aliyezaa mara kwa mara bila kupumzika huanza mimba mpya akiwa na akiba ndogo. Katika uchunguzi wa afya wa mwaka 2015 na 2016, katika kila wanawake wajawazito 100 wa Tanzania, 57 walionekana kupungukiwa damu. Mama wa namna hiyo huchoka upesi, huona kizunguzungu, na moyo humwenda mbio akipanda kilima kidogo. Siku ya kujifungua, damu ambayo mwenziwe angeipoteza bila hatari yaweza kumwua yeye.

Wapo wasemao, "Ikiwa mwili wataka chuma, na udongo una chuma, si vema aule?" Swali hili ni la haki, nasi twalijibu. Ni kweli udongo una chuma, lakini mwili hupata kidogo sana katika hicho. Na kuna jambo baya zaidi: udongo wa mfinyanzi ukiwa tumboni waweza kukishika hata kile chuma kilichomo katika chakula, ukatoka nacho. Hivyo mama hula udongo kwa kuwa damu ni haba, na udongo huzidi kuipunguza damu. Hapo hatujataja ile sumu, wala mayai ya minyoo yaliyomo katika udongo mchafu.

Chuma cha kweli kimo katika chungu. Vyakula vya Masumbwe si vibaya hata kidogo. Kosa ni kujaza tumbo kwa ugali, wali, michembe na matobolwa peke yake, maana hivyo hutia nguvu lakini chuma chake ni kidogo. Nyama, maini na samaki huleta chuma kinachoingia mwilini kwa urahisi. Dagaa watokao ziwa Nyanza hufaa sana, tena huliwa wazima pamoja na mifupa yao, ambayo ni chakula cha mifupa ya mtoto. Maharage, choroko, karanga, mchicha, matembele na kisamvu vina chuma pia (kisamvu kitwangwe na kuchemshwa sana, maana kikiwa kibichi kina sumu). Chuma cha mimea ni kizito kuingia mwilini, lakini huingia vema mtu akila pamoja nacho limau, chungwa, embe au ubuyu. Chai hukizuia. Kwa hiyo mama asinywe chai pamoja na chakula. Angoje saa moja au mbili.

Kuna tena viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa. Vina vitamini A nyingi, ambayo hulinda macho na kusaidia mwili kushindana na maradhi. Mwenye kutengeneza michembe kwa viazi hivyo avikaushe kivulini, kwa sababu jua kali huiharibu vitamini hiyo.

Mjamzito ale mlo mmoja zaidi ya desturi yake kila siku. Hapa twataka kusema kidogo na waume. Katika nyumba nyingi kipande kikubwa cha kitoweo humwendea baba, na mama hupata mchuzi. Tena sehemu nyingine mjamzito hukatazwa mayai, eti mtoto atadhurika. Yai halina dhara lolote kwa mtoto, likipikwa likaiva. Hatujui ni nani aliyeanza katazo hili, lakini twaona kwamba mayai yaliyokatazwa hayakutupwa. Yaliliwa na wengine.

Hata hivyo, chakula chema peke yake mara nyingi hakitoshi kuijaza akiba ya chuma katika miezi tisa. Ndiyo maana kliniki hutoa vidonge vya chuma na asidi ya foliki, vijulikanavyo kama fefo. Asidi ya foliki husaidia kumkinga mtoto na ugonjwa wa mgongo wazi. Sehemu hiyo ya mgongo hujifunga katika majuma manne ya kwanza, wakati ambapo mama wengi hawajajua hata kama wana mimba. Kwa hiyo anayetazamia kuzaa afadhali aanze kidonge kabla. Na aliyekwisha kupata mimba aende kliniki mapema, asingoje tumbo lionekane. Hapo atapimwa damu, atapewa na dawa ya minyoo na kinga ya malaria kwa wakati wake.

Wengi huviacha vidonge kwa sababu choo huwa cheusi, au moyo huchafuka. Choo cheusi si kitu. Ni chuma kilichosalia. Kichefuchefu hupungua mtu akimeza usiku pamoja na chakula. Uvumi kwamba vidonge humfanya mtoto awe mkubwa mno hata asiweze kuzaliwa si kweli.

Neno jingine kwa wachimbaji. Zebaki ikichomwa juu ya jiko nyumbani, moshi wake hauonekani, walakini huingia kifuani mwa mama, na kutoka kwake humfikia mtoto tumboni, ukadhuru ubongo wake. Kazi hiyo isifanywe nyumbani, wala mjamzito au mwenye kunyonyesha asifue nguo zilizotumiwa katika kazi hiyo.

Mtoto akizaliwa, apewe ziwa katika saa ya kwanza. Maziwa ya manjano ya mwanzo yasikamuliwe kutupwa, maana yana kinga ya maradhi. Kwa miezi sita asipewe kitu kingine, hata maji, isipokuwa dawa aliyoandikiwa. Maziwa hayo hutoka katika mwili wa mama, kwa hiyo sasa ale milo miwili zaidi ya desturi, wala vidonge vya chuma asiviache mara moja, bali aendelee kwa majuma 6 hata 12, kama atakavyoambiwa.

Na yule ambaye tamaa ya pemba imemshika hata hawezi kulala bila kuonja, amwambie mkunga waziwazi siku ya kliniki. Wakunga wa nchi ya Geita wamekwisha kulisikia jambo hili mara nyingi, nao watampima damu siku hiyo hiyo.