Tomati Fupi Nyuma ya Jiko

Pengine unasema, "Sina shamba, nina kipande kidogo tu nyuma ya jiko, nitapanda nini?" Panda tomati, lakini uzishike ziwe fupi. Katika milima ya Lubero na Butembo mvua ni nyingi na baridi iko. Mti mrefu wa tomati ukilala chini, matunda yanaoza mbele ya kuonja hata moja.

Ujue kwanza kwamba ziko aina mbili. Moja hukua mpaka kipimo chake, kisha hukoma yenyewe. Roma ni ya namna hii. Usivunje matawi yake, maana matunda yako hapo hapo. Aina ya pili haijui kukoma. Ukiiacha na kijiti kirefu, itakupita kichwa. Hiyo ndiyo inayotaka mkono wako. Tazama pale jani linaposhikana na shina: chipukizi hutokea hapo. Likiwa fupi kama kidole, livunje asubuhi ya siku kavu, ili kidonda kikauke upesi. Mti ukiisha kushika mafungu manne ya matunda, kata kichwa chake, ukiacha majani mawili juu ya fungu la mwisho. Majani yale hulisha matunda na kuyafunika jua. Watu wengine huona huruma kukata. Basi, watakula majani kwa macho tu!

Kama miche yako ni mirefu na myembamba tangu utoto, sababu ni kivuli. Itoe chini ya migomba, uipeleke penye jua, na kuipanda fukia shina mpaka karibu na majani, maana shina lililofukiwa hutoa mizizi. Acha nusu ya metre kati ya mche na mche. Samadi mbichi usitie: huleta majani mengi na matunda machache, tena ina vijidudu vya kuharisha. Majani ya chini yanayogusa udongo, yaondoe. Tandika nyasi kavu, na maji uyamimine kwenye mizizi, si juu ya majani.

Utauliza, muuguzi ana neno gani na tomati? Maharagi na sombe vina chuma cha kutengeneza damu, lakini mwili hukipokea kwa shida. Vitamini C ya tomati mbichi, ikiliwa pamoja na chakula hicho, husaidia mwili kukipokea. Moto mwingi huipunguza. Mama mwenye mimba ale, na mtoto aliyeachishwa ziwa apondewe. Lakini mtoto ambaye viganja vyake vimekuwa vyeupe, usimtibu kwa tomati. Malaria na minyoo pia humaliza damu. Mlete hospitali siku ile ile.

Tomati ya kula mbichi, ioshe kwa maji yaliyochemshwa. Na wewe mvuta tumbaku, nawa mikono kwa sabuni mbele ya kugusa miche, maana tumbaku ina ugonjwa unaokunja majani ya tomati.