Rangi Zilizojificha Ndani ya Filamu Isiyo na Rangi

Mwaka 2013 ilitoka DVD ya The Mind of Evil, kisa cha sehemu 6 cha tamthilia ya Uingereza iitwayo Doctor Who. BBC ilikirusha kwa rangi mwaka 1971, kisha kanda zake zikafutwa. Kilichosalia ghalani ni filamu za milimita 16, nyeusi na nyeupe tupu. Lakini walioinunua DVD hiyo walikitazama kisa chote kwa rangi, na katika sehemu 5 kati ya hizo 6 rangi ilichimbuliwa kutoka filamu zilezile.

Kanda ya video ya enzi hizo, yenye upana wa inchi 2, ilikuwa ghali mno. Kipindi kikisharushwa, kanda ilifutwa irekodiwe kingine. Soko la kutazama vipindi vya zamani nyumbani lilikuwa bado halijazaliwa. Kabla ya kufuta, mafundi waliweka kamera ya filamu mbele ya skrini na kunakili kipindi kwa ajili ya kuuza ng'ambo. Nakala hizo zilisafiri kutoka kituo hadi kituo, Afrika ikiwamo. Ndiyo maana Philip Morris, mtafutaji wa vipindi vilivyopotea, aliweza kuzikuta Jos, Nigeria, sehemu 9 za Doctor Who zilizodhaniwa zimepotea kabisa, habari iliyotangazwa Oktoba 2013.

Sasa, rangi iliponaje? Katika mfumo wa televisheni wa PAL uliotumika Uingereza, habari za rangi hubebwa na wimbi linalotetema takriban mara milioni 4.43 kwa sekunde, lililopandishwa juu ya picha ya kawaida. Skrini isiyo ya rangi haiwezi kulitafsiri wimbi hilo. Huonyesha vitone vidogo sana vilivyotapakaa juu ya picha. Kwa mtazamaji ni uchafu, na mafundi walikuwa na kichujio cha kuuondoa. Mara nyingi hawakukitumia, na kamera ikavinasa vitone pamoja na sura za waigizaji.

James Insell wa BBC alitambua kwamba vitone hivyo bado vinasomeka. Ukali wake hueleza rangi imekolea kiasi gani. Mpangilio wake hueleza ni rangi ipi. Richard Russell akaandika programu ya kuvisoma, kazi ngumu kuliko inavyosikika. Skrini ya zamani ilikuwa imebinuka na filamu husinyaa kwa miaka, hivyo picha ilibidi inyooshwe kwanza, kwa kuwa kitone kikihama kidogo tu, wekundu hugeuka kijani. Tena alama inayoiambia televisheni mahali pa kuanzia kulisoma wimbi la rangi haikuwamo kwenye filamu, na programu ililazimika kuchagua kati ya majibu kadhaa yanayowezekana.

Desemba 2008 njia hii ilirudisha rangi ya sehemu moja ya vichekesho vya Dad's Army. Mwaka uliofuata ikatumika kwenye sehemu ya 3 ya Planet of the Daleks, ikisaidiwa na upakaji rangi wa kompyuta. Katika sehemu ya kwanza ya The Mind of Evil vitone havikutosha, na Stuart Humphryes akazipaka rangi fremu nyingi kwa mkono. Ni kazi ya kuvutia na ya subira kubwa, ila ni makisio ya msanii. Sehemu 5 zilizobaki ni ushahidi: wekundu unaouona ndio uliopita mbele ya kamera mwaka 1971. Kwangu mimi, hapo ndipo thamani ya DVD hiyo ilipo.

Vituo vyetu vya Afrika Mashariki navyo vina filamu na kanda za miongo iliyopita, na nyingi zinangoja kuingizwa kwenye kompyuta. Ombi langu kwa watakaoifanya kazi hiyo: nakilini kwanza kila kilichomo, kwa ubora wa juu kabisa mnaoumudu, pamoja na mikwaruzo na vitone vyake. Usafishaji ufanyike kwenye nakala ya pili, na ya kwanza ihifadhiwe ilivyo.