Kashfa, masengenyo na ndoa katika tamthilia ya Sheridan

Miongoni mwa tamthilia za kuchekesha zilizoandikwa Uingereza katika karne ya 18, chache zimedumu jukwaani kama The School for Scandal ya Richard Brinsley Sheridan, jina ambalo kwa Kiswahili laweza kufasiriwa Chuo cha Masengenyo. Ilichezwa kwa mara ya kwanza tarehe 8 Mei 1777 katika jumba la Drury Lane, London, ambalo Sheridan alikuwa mmoja wa wamiliki wake tangu 1776. Nusu yake ni kisa cha mapenzi na ndoa. Nusu ya pili yaonyesha jinsi neno lisilo na mwenyewe linavyosafiri hata likavunja nyumba ya mtu. Makala haya yataishughulikia zaidi nusu hiyo ya pili, kwa kuwa ndiyo inayomgusa mwanafunzi wa lugha.

Mambo haya Sheridan hakuyasoma vitabuni. Mwaka 1772, akiwa kijana wa miaka ishirini na ushei, alitoroka kutoka mji wa Bath hadi Ufaransa pamoja na mwimbaji Elizabeth Linley, aliyekuwa akisumbuliwa na Kapteni Thomas Mathews, mume wa mtu. Mathews alimtukana Sheridan kwa tangazo gazetini. Wawili hao wakapigana mara mbili, na katika pigano la pili Sheridan alijeruhiwa vibaya. Zaidi ya hayo, masengenyo ya wakati ule yalikuwa na soko lake. Kuanzia 1769 jarida la Town and Country Magazine lilikuwa likichapisha kila mwezi picha za mabwana na mabibi walioshukiwa kuwa na uhusiano wa siri. Magazeti nayo yaliandika majina ya wakubwa kwa herufi ya kwanza na kistari tu, na kila msomaji wa mjini akajua ni nani. Ndiyo maana pazia linapofunguka tunamkuta Lady Sneerwell akimwuliza Snake, mtumishi wake wa kulipwa, kama habari alizomwagiza zimekwisha kutiwa gazetini. Snake amezinakili kwa mwandiko wa kuigiza.

Kiswahili kinayagawa matendo haya kwa vitenzi mbalimbali, na mgawanyo huo unasaidia kuielewa tamthilia. Kusengenya ni kumsema mtu akiwa hayupo. Linalosemwa laweza kuwa kweli. Kusingizia ni kumbebesha mtu asilolitenda. Kuchonganisha ni kuwapitishia watu wawili maneno hata wakose kupatana. Sir Benjamin Backbite na mjomba wake Crabtree wanasengenya kwa starehe, kama wengine wachezavyo karata. Lady Sneerwell anasingizia na kuchonganisha kwa shabaha: anampenda Charles Surface, kijana mpotevu wa mali lakini mwema wa moyo, na ili amtenge na Maria ampendaye, anaeneza habari kwamba Charles ana jambo na mke wa Sir Peter Teazle. Joseph, kaka wa Charles, anamsaidia kwa sababu anautaka utajiri wa Maria. Hadharani huyu Joseph husema maneno ya hekima tupu.

Aliye hatari kuliko wote, hata hivyo, huenda ni Mrs Candour, ambaye hana ubaya na mtu yeyote. Yeye huwalaani wachukuzi wa maneno, na katika pumzi hiyo hiyo huyachukua: hasadiki hata kidogo, lakini watu wanasema. Mfasiri wa Kiswahili angekuwa na zana tayari. Neno «eti» humruhusu msemaji kuweka habari mbele ya watu na papo hapo kuondoa mkono wake. Umbo «inasemekana» ni zuri zaidi kwa kazi hii. Katika «inasemwa» yaweza kuongezwa «na fulani»; katika «inasemekana» mtenda hana nafasi, sarufi yenyewe imemfungia mlango.

Katika sehemu ya mwisho uvumi unaenea kwamba Sir Peter amejeruhiwa. Mmoja anasema ni kwa upanga, mwingine ni kwa bastola. Crabtree, ili ashinde, anaeleza jinsi risasi ilivyogonga sanamu ndogo ya shaba juu ya meko, ikapenya dirishani na kumjeruhi mchukuzi wa barua aliyekuwa akifika mlangoni. Uongo unajengwa kwa vitu vidogo, maana nani angebuni mchukuzi wa barua? Kisha Sir Peter anaingia, mzima.

Watu wa Kongo watafikiri mara moja juu ya radio trottoir. Ulinganisho huo unafaa kwa kiasi tu. Zama za Zaire, redio hiyo ya njiani ilibeba yale ambayo magazeti hayakuthubutu kuyachapa, nayo yalikuwa maneno ya wadogo juu ya wakubwa. Katika Sheridan wakubwa wanasemana wao kwa wao, na gazeti ndilo mwisho wa safari.

Uzito wa mchezo uko kwa Lady Teazle. Ni binti wa shamba aliyeolewa na mzee tajiri, akaletwa London, akajiunga na chuo hicho ili aonekane mjuzi wa mjini. Mumewe amekwisha kumshuku bure kwa ajili ya Charles. Hapo Joseph anamletea hoja ya kishetani: ikiwa unashukiwa bila kosa, kwa nini usilitende kosa lenyewe? Kwa njia hiyo kashfa inaweza kuzaa jambo ambalo ilidai kuliripoti tu. Mume anapofika ghafla, Lady Teazle anajificha nyuma ya kiwambo chumbani mwa Joseph, na kutoka huko anamsikia mumewe akieleza kwamba anataka kumwandikia pauni 800 kwa mwaka, azitumie apendavyo, na sehemu kubwa ya mali yake atakapokufa. Hapa mtu anasikia akisemwa vizuri na anayedhani hayupo. Kiwambo kinapoangushwa Joseph anaanza kutunga kisa. Mwanamke anakataa kukithibitisha, anasema kweli mbele ya mumewe. Frederick Reynolds, aliyekuja kuwa mtunzi wa tamthilia, ameandika kwamba akiwa mtoto alipita kando ya jumba usiku mmoja wakati huo huo, akasikia kishindo cha vicheko, akakimbia akidhani jengo linaanguka.

Baadaye Lady Teazle anamwambia Lady Sneerwell, kama mkuu wa chuo, kwamba yeye mwenye licence anaomba kuirudisha diploma yake. Neno la Kiingereza linafanana na jina la shahada itolewayo katika vyuo vikuu vya Kongo. Mzaha huu, tofauti na mingi mingine, hauhitaji tanbihi Lubumbashi.

Majina ndiyo yatamtaabisha mfasiri. Sneerwell ni mwenye kujua kubeza, Backbite ni msengenyaji, Surface ni sura ya nje. Shaaban Robert alikwisha kuonyesha katika Kusadikika (1951), kwa Karama na Majivuno, kwamba Kiswahili hubeba majina ya namna hiyo bila kuchechemea. Lakini Surface ni jina la ndugu wawili, mmoja ambaye sura yake ni njema na moyo mbaya, mwingine kinyume chake, na lazima jina moja liwatoshe wote.